Benchi la Salamu na Goti la Koplo Gavin

Mkuu wa chuo chenu ameniomba niwaandikie ninyi mnaosomea ufundi wa miguu ya bandia hapo Moshi, niwaeleze nilivyoifanya kazi hiyo Toronto kwa miaka kumi na minne, katika hospitali iliyokuwa ikipokea askari waliojeruhiwa vitani. Nadhani alitarajia niandike kuhusu mashine. Mashine zipo, nazo zinaharibika kama za kwenu, ila fundi wa kuzitengeneza anachelewa zaidi. Mshahara nitauruka. Cheo nilipewa kimoja tu, kikaniongezea fomu za kujaza. Mimi nataka kuwaeleza habari za benchi, kwa sababu nimestaafu tangu Machi na haipiti siku bila kulikumbuka.

Benchi lenyewe lilikuwa hapo kwenu, nje ya mlango wa karakana, la mbao za mninga, la kukaliwa na watu wanne. Alilitengeneza Mwalimu Kileo, aliyenifundisha kazi. Mgonjwa akifika, hata awe ametembea na magongo tangu alfajiri, Mwalimu hakumwingiza ndani. Walikaa benchini wakaamkiana. Habari za nyumbani? Nzuri. Za mama watoto? Nzuri. Za shamba? Nzuri. Za ng'ombe, za mvua, za yule kijana aliyekwenda Arusha? Nzuri, nzuri, nzuri. Sisi wanafunzi tulisimama na ndoo zetu tukinuna, maana bandeji ya plasta ukishailoweka haisubiri mtu.

Siku yangu ya kwanza niliiloweka mapema ili nionekane mchapakazi. Nilikuwa msichana peke yangu katika darasa lile na nilikuwa na hamu ya kusifiwa. Salamu zilipokwisha, plasta ilikuwa imeganda ndooni, ngumu kiasi kwamba ilitoka nzima na umbo la ndoo. Mwalimu akaitazama, akanitazama.

"Nsia," akasema, "ndoo imeshapata mguu wake. Sasa tumtafutie na mzee wa watu."

Darasa zima likaangua kicheko. Baadaye aliniita pembeni akaniuliza kama nimesikia yule mzee alichosema mwishoni, baada ya ng'ombe na mvua. Sikusikia, nilikuwa nagombana na ndoo. Mzee alikuwa amesema kwamba mguu wa zamani ulimchubua mpaka akautupa shimoni, na kwamba alimwogopa fundi aliyeutengeneza.

"Mtu wetu ukimuuliza hali yake anajibu nzuri, hata kama kwake kuna msiba," Mwalimu akaniambia. "Hiyo ni adabu. Ukishika kalamu hapo hapo, umeandika adabu yake, maumivu hujayaona. Kaa. Muulize kingine. Habari yenyewe inakuja nyuma."

Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja. Nilipoondoka alinipa tupa yake ya nusu duara, ile ya kukwangulia plasta, mpini wake umelika mahali pa kidole gumba chake. Kidole changu ni kidogo kuliko chake, kwa hiyo pale mpinini nafasi inabaki mpaka leo.

Toronto nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikimfuata baba Haika, mume wangu, na vyeti vyangu havikutambuliwa. Miaka miwili nikafunga masanduku kwenye ghala la mizigo Malton, ndege zikishuka juu ya paa tangu naingia hadi natoka. Kazi haikuwa mbaya. Kilichonisumbua ni mikono. Jioni nikikaa kwenye basi nilikuta vidole vinapapasa goti langu mwenyewe, vikitafuta ile mifupa ambayo fundi huitia alama kabla ya kuzungusha plasta. Abiria wa jirani walihama viti. Nikajisajili kwenye mtihani wa mafundi, nikaufanya mara mbili, ya pili nikafaulu, na hospitali ikanichukua.

Siku ya kwanza nilipewa aproni ya mwanaume mrefu iliyoburuzika miguuni, na karatasi ya ratiba. Kila mgonjwa nusu saa. Mgonjwa anachukua namba, anakaa kwenye kiti cha plastiki, namba yake inaitwa. Unamuuliza hali, anakujibu nzuri, unaandika "hana malalamiko", unaanza kupima. Ningependa kuwaambia kwamba nilipinga. Sikupinga. Nilizoea upesi, nikasifiwa kwa upesi wangu, na ile hamu ya kusifiwa mnakumbuka nilikuwa nayo tangu zamani.

Wagonjwa wetu wa mwanzo walikuwa wazee wa vita vikuu vya pili, wengine bado na miguu ya mbao ambayo hawakutaka ibadilishwe. Halafu wakaanza kuletwa vijana waliojeruhiwa Afghanistani. Walipitia hospitali ya jeshi Ujerumani kwanza, wakafika kwetu wakiwa wameshaoshwa na kushonwa, wamenyoa vizuri, na wanasema ahsante kwa kila kitu. Nyuma yao zilifuata familia. Hospitali ilikuwa na vyumba kwa ajili yao, kliniki ya watoto na mahali pa kupikia, na wake zao walijaza korido kwa vigari vya watoto. Zile reli mbili tulizoweka ili mgonjwa ashike akijifunza kutembea, watoto walizigeuza bembea. Tuliwafukuza asubuhi, mchana wakarudi.

Kulikuwa na muuguzi Mkenya, Kerubo, aliyeniita Mama Haika kwa sauti ya kufika mwisho wa jengo. Askari wakamsikia, wakaona jina ni refu, wakabaki na Mama. Nami nilikuwa na kawaida yangu iliyowapa mzaha: nilipaka ngozi rangi ya mdomo mahali nilipohisi patabanwa, halafu nikamvalisha mtu mguu. Ukiuvua, rangi imehamia ndani ya kikombe, pale mguu wake unapoingia, na unajua pa kukwangua. Wodi nzima ikawa inaulizana nani amembusu sajini mguuni.

Koplo Gavin alifika kwetu majira ya kuchipua. Alikuwa mtoto wa mkulima wa ngano kutoka nyanda za magharibi, mkimya, mwenye masikio makubwa. Bomu la kutegwa barabarani lilikuwa limeuchukua mguu wake wa kushoto. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kilikuwa kifupi, upana wa vidole vinne tu chini ya goti. Ninyi mnajua maana yake, lakini niiseme. Mwenye goti lake hupanda ngazi, huchuchumaa, huinuka mwenyewe akianguka. Asiye nalo huanza kubishana na chuma kila hatua. Daktari wa upasuaji, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alimwambia mbele yangu kwamba ngozi ya kigutu chake ni nyembamba. Ikipasuka na kuoza, watalazimika kukata juu ya goti.

"Mguu umekwenda, sawa," Gavin akaniambia tulipobaki wawili. "Goti usiwaachie, Mama."

Nikamwahidi. Niliutengeneza mguu ule kwa mikono, siku nzima, kwa tupa ya Mwalimu, yeye ameketi pembeni ananitazama. Ulipendeza. Mkewe, Melissa, aliupiga picha. Binti yao wa miaka mitatu aliuvika soksi yake ya pinki, na Gavin akatembea nayo hivyo hivyo hadi kwenye lifti.

Wiki sita zilizofuata alikuja kliniki kila Jumatatu. Hali? Nzuri, Mama. Mguu? Nzuri. Nikaandika "hana malalamiko" mara sita. Niliona wekundu kidogo nikasema ni wa kawaida. Wiki ya saba aliruhusiwa kwenda kwao shambani kusalimia. Alirudi baada ya siku nne, akiwa anabebwa.

"Mama Haika, kuja haraka!" Kerubo alinifuata hadi karakana, na hakuwa na kawaida ya kukimbia. "Huyu Gavin ako na homa ile mbaya na bado anasema ako sawa. Nimetoa bandeji, aki hiyo kidonda si ya kuangalia."

Nilikiangalia. Mwisho wa kigutu ngozi ilikuwa imefunguka, kingo zake nyeusi. Daktari naye alikiangalia, akasema alichotuambia tangu mwanzo: ngozi imeshindwa kubeba uzito, na hata ikipona leo itapasuka kesho. Wangekata Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Gavin alitikisa kichwa kukubali, akasema ahsante, daktari.

Nilirudi karakana nikakaa. Niliona aibu hata kuitazama tupa. Nilikuwa nimeahidi goti la mtu kisha nikalilinda kwa maneno mawili ya kalamu, na huyo mtu nilikuwa sijawahi kumuuliza jambo lolote lililo nje ya mguu. Nikavua aproni. Saa yangu ya kutoka ilikuwa bado, nikatoka. Nikapanda wodini, nikavuta kiti hadi kitandani kwake, mikono mitupu.

"Habari za baba yako?" nikamuuliza.

Alishangaa. "Nzuri."

"Ngano?"

"Nzuri. Wamemaliza kupanda."

"Melissa?"

"Mzima. Amempeleka mtoto kula."

"Mtoto?"

"Mzima, Mama. Kila kitu kizuri."

Hapo zamani ningeshika kalamu. Mezani kwake palikuwa na picha ya mbwa mweusi ameketi juu ya trekta, picha niliyoipita kila siku. Nikauliza, "Na mbwa?"

Gavin akaivuta ile picha karibu. Nikabaki kitini. Kerubo alipita na toroli la dawa, akatuona, akalirudisha alikotoka.

"Alinikimbia," Gavin akasema. "Niliposhuka kwenye gari alinibwekea. Akarudi nyuma akaingia chini ya nyumba. Sauti yangu anaijua, lakini hakunijua ninavyotembea. Nilikuwa nachechemea sana." Akaugeuza uso ukutani. "Kunaungua, Mama. Tangu siku ya tatu kunaungua."

Kisha akafungua droo, akatoa soksi nene iliyokunjwa ikawa donge, ikazungushiwa utepe wa kijani wa jeshi. Ilikuwa imekauka damu. Kila alipotoka kliniki aliisokomeza ndani ya kikombe, chini kabisa, ili kigutu kipate pa kulalia, na kila Jumatatu aliitoa kabla sijaita namba yake. Nikaelewa hapo hapo. Nilichukua kipimo chake mapema mno, kigutu kikiwa bado kimevimba. Kilipopungua, kikaanza kuzama kwenye kikombe na kugonga chini. Yeye akaweka donge, na donge likamla. Ngozi haikuwa na kosa lolote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuona ukikwangua siku nzima kwa mkono," akasema. "Ningeanzia wapi kukuambia kwamba unauma?"

Tulikuwa tumestahiana mpaka goti likafika mlangoni, karibu kutoka.

Asubuhi ya Jumatano niliingia kwenye kikao cha madaktari na ile soksi kwenye mfuko wa nailoni. Sikuwa nimealikwa. Nikasema kosa ni la kikombe changu, nikaeleza wiki sita nilizoandika bila kuuliza, nikaiweka soksi mezani. Msimamizi wangu alifumba macho. Nilijua naweza kurudi Malton kwenye masanduku, na mtihani wangu wa mara mbili ukaishia hapo. Yule mama mrefu alivaa glavu, akaigeuza soksi, akaipima kwa picha ya kidonda. Ikalingana.

"Wiki tatu," akasema. "Asikanyage chochote. Kikipona, utapima upya. Kisipopona, nakata."

Wiki tatu zile niliishi vibaya. Kila siku kabla ya kazi nilipita wodini, na kila siku nilianzia kwa baba na ngano na kumalizia kwa mbwa, na Gavin akajifunza kunijibu kwa mapana. Nikajua kumbe baba yake hajawahi kuutazama ule mguu, kumbe Melissa analilia bafuni. Siku ya kumi na nane kidonda kilifunga. Nilipima upya, taratibu, kalamu ya rangi kwenye kila mfupa, na nilipomvalisha sikuuliza kama ni sawa. Nilimwambia atembee hadi mwisho wa korido na kurudi, aniambie habari za mvua huko kwao. Aliporudi alikuwa analia na kuhesabu mambo matatu yaliyokuwa yanamsumbua, na mguu haukuwamo.

Niliomba benchi la kuweka nje ya karakana. Likakataliwa kwa sababu ya sheria za moto. Basi nikasogeza viti viwili vya plastiki vikakaribiana, na ratiba yangu ikaanza kuchelewa kwa miaka yote iliyobaki.

"Mama Haika, leo tena unauliza watu ng'ombe?" Kerubo alinitania. "Hawa wazungu wametoa ng'ombe wapi?"

"Huyu wa leo anao mia mbili," nikamjibu, na kweli alikuwa nao.

Nikataka Mwalimu ajue. Nilikuwa sijampigia tangu mwanzoni mwa mwaka ule. Mara ya mwisho nilimpigia wakati wa mapumziko ya chai, kwa kadi ya simu ambayo kabla hujaunganishwa inakutangazia dakika zilizobaki. Alipokea Mama Kileo. Shikamoo, marahaba. Mwalimu hajambo? Hajambo mwanangu. Nikasema nina haraka, mpe salamu zangu, nitapiga. Safari hii nilinunua kadi kubwa, nikakaa jikoni kwetu Scarborough Jumamosi mchana, nikaianza salamu vizuri. Watoto? Hawajambo. Migomba? Inaendelea. Kahawa? Mwaka huu imekubali. Ng'ombe? Amezaa, dume. Jirani? Mzima.

Halafu nikangoja, kadi ilikuwa bado na dakika nyingi.

"Mwalimu tulishamzika, mwanangu," akasema. "Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike. Namba yako tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kule ulikohama, haikuita."

Nakumbuka alinipa pole yeye, mjane akanipa pole mimi. Kisha akaongeza, bila kunilaumu hata kidogo: "Siku ile ulipopiga alikuwa amelala chumba cha pili. Aliuliza ni nani. Nikamwambia ni Nsia, ana haraka. Akasema mwache, yuko kazini."

Nilifanya kosa lile lile mara mbili katika mwaka mmoja. Kwa Gavin niliwahi.

Miaka iliyofuata nawaeleza kwa kifupi, maana ilikwenda kwa kifupi. Vita viliisha kwa upande wetu, vijana wakapungua, wodi ikarudi kwa wazee. Ikaletwa kamera ya kupima kigutu kwa mwanga. Unaizungusha mara moja na kompyuta inachonga yenyewe. Inapima vizuri kuliko mimi, nasema bila wivu, au na wivu kidogo. Ndoo zikatupwa. Mimi nalilia ndoo. Nalilia uvuguvugu wa plasta inapoanza kushika, unga mweupe kwenye nyusi, na mtu kukuachia uzito wote wa mguu wake mikononi. Baba Haika ananiuliza kwa nini tupa inakaa kwenye meza ya chakula. Namwambia ni mgeni.

Haika ana nyumba yake sasa. Nikimsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, nami nauliza habari za kazi, za gari, za paka, na kwa kawaida kwenye paka ndipo anapoanza kusema. Gavin yuko shambani kwao, na kila mwaka ngano ikishaingia ghalani hunipigia simu. Safari ya mwisho, ya kwanza tangu nistaafu, alianza yeye. Alitaka habari za baba Haika. Nzuri. Za Haika? Nzuri. Za Kerubo, za baridi, za lifti ya jengo letu? Nzuri, nikasema, imetengenezwa. Za kustaafu? Nzuri sana, napumzika.

Nilisikia mbwa wake akihema karibu na simu, na nilijua Gavin hana haraka.

"Gavin," nikasema, "nilikuwa na mwalimu wangu Moshi. Sikumuaga."

"Nasikiliza, Mama," akasema. Nikavuta kiti, nikamweleza tangu siku ya ndoo.